Jina la Baba Mkwe

Sehemu ya Saba

Msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita halikukufikia, usihangaike. Balaa zangu ni nyingi lakini si ngumu kufuata.

Naitwa François, ingawa hapa kwetu hutamkwa Fransua. Kwa miaka sita nilipeleka vifurushi kwa baiskeli hapa Likasi, wakati mji ukiitwa bado Jadotville. Mwaka 1961, Katanga ikiwa imejitenga na Kongo, watu wenye asili ya Kasai walianza kusakwa nyumba kwa nyumba. Ndipo nikaomba kazi ya kuendesha lori la trela, lile tunaloliita remorque. Niliiomba kwa sababu moja tu: kumtoa baba mkwe wangu mjini akiwa salama.

Baba mkwe alikuwa Mkasai, fundi viatu, mjane, mtu wa misa ya asubuhi. Mke wangu Martine ni mtoto wake wa mwisho. Mimi ni Msanga, mtu wa hapa hapa, hakuna aliyenigusa.

"Kinga banaisimamishaka pa kila barrage ya askari mu njia," Martine aliniambia, akitazama baiskeli yangu kwa chuki. "Remorque banaiacha inapita, sababu iko na laissez-passer, karatasi ya ruhusa. Utamuficha baba chini ya bâche, ile turubai, utamufikisha Ndola kwa yaya Angèle. Fransua, minye siombe kintu ingine."

"Nitamufikisha," nikasema. Angèle ni dada yake mkubwa, anakaa kule ng'ambo ya mpaka.

Wiki iliyopita niliwaachia pale patron, mwenye kampuni, alipokubali, nami nikarudi nyumbani nikiimba. Leo nasimulia jambo ambalo hata padri sijamwambia. Ningeweza kuliruka, na nyinyi mngejuaje? Lakini nimechoka kulala nalo.

Kwenye ofisi yetu, mtu akiacha kazi ya vifurushi alirudisha baiskeli na carnet. Carnet ni daftari la sahihi. Kila aliyepokea kifurushi aliandika humo jina lake, na jina hilo lilipaswa kufanana na lile lililoandikwa juu ya kifurushi, herufi kwa herufi. Wenzangu walikubali hata alama ya msalaba. Mimi hapana. Niliwahi kuondoka na kifurushi cha bibi harusi kwa sababu alisaini jina la mume siku mbili kabla ya ndoa. Alilia, nami nikapanda baiskeli. Huyo ndiye mimi, mnijue.

Mkuu wetu mpya aliitwa Chef Édouard. Alikuwa ametoka Elisabethville miezi miwili tu, mtu mcheshi, mpenda utani, hakujua nimeoa kwa nani. Aliifungua carnet mbele yangu.

"Fransua, weye uko muntu wa ordre! Angalia maandiko, propre kabisa. Bantu sawa weye beko kidogo."

Mtu wa utaratibu, mimi! Kichwa kikanivimba.

Akapekua, akapekua. Kisha kidole chake kikasimama.

"Uyu Tshimanga Barthélemy, eko pa mulango gani?"

Hapa inanibidi nieleze. Tshimanga ni jina lisilofichika, ukilisikia umeisikia Kasai. Baba mkwe alilijua hilo. Fujo zilipoanza alichoma kitambulisho chake jikoni, akachora kibao kipya nje ya nyumba: KIMANGA, FUNDI WA VIATU. Kwa herufi chache tu akawa Msanga kama mimi. Majirani wapya walimwita Kimanga, na wale wa zamani walinyamaza kwa kumheshimu. Jina lake la kweli lilibaki kwenye carnet yangu.

Na nani alilitia humo? Mimi. Mwezi wa tatu ilifika colis, yaani kifurushi, cha ngozi za viatu kutoka Elisabethville, kimeandikwa jina la zamani. Nilikipeleka. Baba mkwe akashika kalamu, akaanza kuandika K.

"Hapana, baba," nikasema. "Iandikwe sawa vile iko pa colis."

"Iko namna gani pa colis?" akauliza huku anacheka. "Soma basi, nisikie."

Alikuwa ananitania, maana alijua siwezi. Kwetu mkwe hataji jina la baba wa mke wake. Hulitaji kwa sauti, hulitaji kwa kunong'ona, hulitaji hata ukiwa peke yako shambani. Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka tena, akaandika Tshimanga polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, ili tu nisigombezwe na wakubwa wangu.

Sasa Chef Édouard alikuwa ananingoja.

"Ni fundi wa viatu," nikamjibu. "Nyumba ya tatu, nyuma ya kanisa."

"Nyuma ya kanisa? Pale si kuko Kimanga?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema amehama. Lakini mbele yangu kulikuwa na mkubwa anayesifu kazi yangu, naye ameuliza swali, na mimi nilikuwa na jibu.

"Ni ule ule, chef. Pa kibao anaandikaka na K."

Hata wakati ule sikulitaja jina. Nilishika desturi barabara, nikamuuza mzee kwa herufi moja.

"Ah bon," Chef Édouard akasema, akafunga carnet. "Iko juu ya ma-adresse ya bateja. Tunataka kuzipanga."

Nilimwamini. Hapana, niseme kweli: niliamua kumwamini. Nje remorque ilikuwa inaningoja, mpya, nyekundu, matairi yake yananifika kifuani.

Aliyenifundisha kuendesha ni mzee Firmin, dereva wa siku nyingi, mwenye kikohozi na maneno machache. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye usukani, akanionyesha kioo cha pembeni.

"Muzigo ya kinga iko mbele, mu kikapo, unaiona," akasema. "Ya remorque iko nyuma, hauione. Weye unavuta tu. Ukikata kona sawa muntu wa kinga, utaua bantu."

Kwenda mbele niliweza. Kurudi nyuma ndiko kulikonitoa jasho. Ukitaka mkia uende kulia, usukani unaupeleka kushoto, na mikono yangu iliyozoea baiskeli ilikataa kabisa kuelewa. Siku ya nne niliangusha ukuta wa choo cha gereji. Kwa bahati hakukuwa na mtu ndani.

Firmin akashuka, akayatazama matofali. "Ile colis umeifikisha," akasema. "Sasa nani atasaini?"

Gereji nzima ilicheka, nami nikacheka nao. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha wiki zile. Jioni nilimweleza Martine habari za breki za hewa mpaka usingizi ukamchukua. Yeye alikuwa akishona mfuko wa zana za baba yake, nyundo ndogo na sindano, mfuko wa kufungwa kiunoni. Safari yangu ya kwanza ya Ndola ilipangwa Jumatatu.

Ijumaa mchana Martine alifika gereji mbio, kichwa wazi, kiatu kimoja mkononi.

"Bamemubeba baba!"

Askari walikuwa wamekwenda moja kwa moja nyumba ya tatu nyuma ya kanisa. Hawakuuliza popote. Walisimama mlangoni wakaita: Tshimanga.

"Fransua, ile jina nani alibapa? Mu quartier bote banasemaka Kimanga. Nani?"

"Siyue," nikasema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake tangu ndoa, na ulitoka bila shida yoyote. Nilimshika bega, nikamwambia nitauliza, nitamtafuta, nitafanya hivi na vile. Aliniamini. Martine alikuwa hajawahi kuwa na sababu ya kutoniamini.

Tulijua waliokamatwa wanapelekwa wapi. Walirudishwa Kasai kwa gari-moshi. Baba mkwe aliondoka kule akiwa kijana asiye na ndevu, hakuwa amebakiwa na mtu. Na huko Bakwanga watu walikuwa wanakufa njaa, waliotangulia hawakuandika barua. Kwa mzee wa umri ule, kurudishwa na kuzikwa vilikuwa kitu kimoja.

Asubuhi ya Jumamosi Chef Édouard aliniita.

"Ndola bado, Fransua. Leo kuko course, safari ingine. Firmin atakusindikiza."

Akanipa bordereau, karatasi ya mzigo. Kwenye idadi ya colis iliandikwa 52. Kwenye aina ya bidhaa hapakuandikwa kitu. Kutoka: hanga la mahindi, yaani ghala, njia ya Buluo. Kwenda: stesheni moja ndogo ya porini, maana stesheni ya mjini ilikuwa na macho mengi.

Sikuuliza colis gani. Miaka sita sikuwahi kuuliza kilichomo ndani ya kifurushi cha mtu, na nilijisifu kwa hilo.

Mlango wa hanga ulikuwa mwembamba, na pembeni kuna mtaro. Nikatazama vioo, nikapeleka usukani kushoto, mkia ukaenda kulia, taratibu, mpaka trela ikasimama hatua chache kutoka mlangoni bila kugusa popote. Sikuwahi kurudi nyuma vizuri namna ile.

"Umekomaa," Firmin akasema, akanipiga begani.

Tukashuka. Mlango ukafunguliwa. Firmin akavua kofia yake.

Ndani kulikuwa na watu. Walikaa sakafuni juu ya magunia matupu, wanaume na wanawake, wamefungasha vitu vyao kwenye mashuka. Hakuna aliyelia. Hewa ilinuka unga wa zamani.

Chef Édouard alikuwa amekwishafika kwa gari lake, pamoja na askari watatu. Askari mkubwa alikuwa na orodha mkononi, lakini alihangaika kuisoma.

"Mupe Fransua," Chef Édouard akasema. "Yeye njo anasomaka majina muzuri. Bantu bote banayua sauti yake."

Ni kweli walikuwa wanaijua. Kwa miaka sita nilisimama milangoni mwao nikaita majina yao, nao wakaja wanatabasamu, wakipangusa mikono ili wapokee. Sasa nikaita tena. Mtu akasimama, akachukua shuka lake, akapita mbele yangu, akapanda. Mama mmoja niliyekuwa nikimpelekea vitambaa aliniambia, "Bonjour, Fransua," kwa mazoea tu, halafu akajishika mdomo. Nilitaka ardhi inimeze.

Kwenye mstari wa thelathini na moja nikaliona.

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Msidhani ni ushujaa, ulimi wenyewe ulikataa, kama unavyokataa kwa kila mkwe. Nikashusha kidole, nikasoma mstari wa thelathini na mbili. Hakuna aliyegundua. Ndipo tumaini likanijia: nikimaliza orodha, mlango utafungwa, mzee atabaki kwenye kona. Nikasoma haraka mpaka mwisho.

Askari akahesabu waliokuwa ndani ya trela, wakawa hamsini na mmoja.

"Cinquante-et-un. Moja iko wapi?"

"Bordereau inasema cinquante-deux," Chef Édouard akasema.

"Moja ni moja," askari akasema. Akamshika mfagiaji wa hanga, mtu asiyehusika kabisa, akamsukuma kwenye ngazi. Mfagiaji akaanza kupiga kelele kwamba yeye ni Mlamba, si Mkasai, mama yake ni Mlamba, waulizeni.

"Muache ule," sauti ikasema kutoka kwenye kona. "Ni minye."

Baba mkwe alikuwa amekaa nyuma ya nguzo. Alisimama kwa shida. Usiku mmoja tu ulikuwa umemzeesha. Akaja mpaka mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni moja kwa moja.

"Sauti ilipotea kidogo," akaniambia. "Unitaye, bwana chauffeur. Leo iko ruhusa."

Aliniita bwana chauffeur, yaani dereva tu. Hakuniita mukwe, ili wasinijue. Hata pale, akiwa mguu mmoja kaburini, alikuwa ananilinda.

"Soma!" askari akafoka.

"Tshimanga Barthélemy," nikasema.

"Présent," akajibu kwa upole.

Firmin alimpa mkono akapanda. Mimi sikuweza kumgusa. Machozi yalikuwa yananitoka, nayafuta kwa kiwiko nikijifanya ni vumbi.

Nilipogeuka nikamwona Martine. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, na beseni la bukari, ugali wetu, kichwani, limefunikwa kitambaa. Alikuwa ametembea njia nzima, akiuliza watu walikofungiwa wale waliokamatwa, ili amletee baba yake chakula. Alikuwa amenisikia nikimtaja.

Akapita, akafika kwenye ngazi ya trela.

"Baba," akasema. "Nani aliandika jina yako mu ile karatasi?"

Mzee aliinama kutoka juu, akapokea beseni.

"Minye mwenyewe niliandika, mwana. Na mukono yangu. Usitafute muntu."

Kwa habari ya carnet ilikuwa kweli, kila neno. Nikaona mabega ya Martine yanashuka. Alikuwa tayari kuamini, na mimi, Mungu anisamehe, nilipumua.

Hapo Chef Édouard akacheka kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema.

"Uyu muzee alitusumbua! Pa kibao K, mu carnet Tsh! Bila carnet ya Fransua tungemupata wapi? Fransua, minye nilisema, weye uko muntu wa ordre."

Martine aligeuka polepole. Alinitazama kwa muda mrefu, si kwa hasira. Ningeipokea hasira. Alinitazama jinsi unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Kisha akashika ngazi, akapanda, akakaa kando ya baba yake.

"Fransua, si umwambie ashuke," Firmin akanong'ona.

"Weye nani?" askari akamuuliza Martine.

"Tshimanga Martine. Niko mutoto yake."

"Sasa beko cinquante-trois," Chef Édouard akalalamika. "Karatasi itakataa."

Askari alimtazama kidole. "Uko na pete. Bwana yako nani? Kama eko muntu wa hapa, shuka, rudia kwako."

"Sina bwana."

Firmin hakuvumilia tena. Alikohoa, akasogea mbele, kofia mikononi.

"Chef, anadanganya sababu ya uchungu. Ule ni muke ya uyu dereva. Bamushushe, tafadhali."

Utani wote ulimwishia Chef Édouard. Watu wote ndani ya trela wakaniangalia, na askari pia.

"Iko kweli?" askari akamuuliza Martine. "Unamuyua uyu?"

"Simuyue," Martine akasema.

Alilisema waziwazi, bila kutetemeka, mkono wake ukiwa juu ya goti la baba yake. Mzee alifumba macho.

Askari akanigeukia mimi. "Na weye? Unamuyua?"

Nikisema ndiyo, watampokonya kwenye mikono ya mzee, wamrudishe nyumbani kwangu kwa nguvu, na mzee aende peke yake. Nikisema hapana, ni mimi nitakayeshika usukani na kumpeleka mke wangu kwenye gari-moshi la Kasai.

Firmin alinikanyaga mguu, akitaka niseme ndiyo. Martine alitikisa kichwa, kidogo tu, kiasi cha kuonekana na mimi peke yangu.

"Chef," nikaanza.

(Itaendelea wiki ijayo.)